Tusome Kwanza Ndipo Tutie Saini: Wito kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Tarehe 21 Oktoba 2020, siku moja baada ya Sikukuu ya Mashujaa kuadhimishwa katika uwanja wa Gusii mjini Kisii, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipokea ripoti ya BBI, ule mpango wa maridhiano uliotaka kurekebisha katiba, katika Ikulu ndogo ya Kisii. Macho ya nchi nzima yalikuwa kwetu. Mwezi Januari mwaka huohuo, uwanja uleule ulikuwa umefurika watu waliokuja kusikiliza hotuba za kuupigia debe mpango huo. Sehemu chache za Kenya zilibishiwa hodi na BBI mapema kama sisi. Hata hivyo, ukikaa leo na watu pale Daraja Mbili au stendi ya Nyamira ukawauliza mpango ule ulitaka kubadilisha nini hasa ndani ya katiba, utatajiwa handisheki ya Uhuru na Raila, utatajiwa nani alikuwa upande wa nani, na pengine cheo cha waziri mkuu. Mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, haukufika vijijini. Kilichofika ni msafara.

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, kina baba, kina mama, vijana, nawaandikia kwa sababu kura nyingine ya maoni inanukia. Kila baada ya muda kuna wanaotaka katiba irekebishwe: vyeo viongezwe, vyeo vipunguzwe, hazina za maendeleo ziwekewe ulinzi wa katiba, mgao wa kaunti upandishwe. Zipo tayari sauti zinazotaka wananchi waulizwe siku ileile ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe. Lakini ikija, itakuja na magari ya vipaza sauti, fulana na rangi, na haitatusubiri tujipange. Naomba tuanze kujipanga sasa hivi, kukiwa bado kumetulia, na tukubaliane jambo moja kati yetu: hatutatia saini wala kupiga kura juu ya karatasi ambayo hatujaisoma au hatujasomewa.

Nimetaja saini kabla ya kura kwa makusudi. Wengi wetu tunachukulia kwamba kura ya maoni ni ile siku ya foleni na wino kidoleni. Kumbe huanza mapema zaidi, siku kijana mwenye fomu anapokukuta sokoni na kukuomba jina, nambari ya kitambulisho na saini. Kifungu cha 257 cha katiba kinasema mabadiliko yanayoanzishwa na wananchi lazima yaungwe mkono kwa saini za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikiridhika na saini hizo, mswada hupelekwa katika mabunge yote 47 ya kaunti, nayo hupewa miezi mitatu kuamua. Mabunge 24 yakiukubali, unakwenda Bunge la Taifa na Seneti. Na kama unagusa mambo mazito yaliyoorodheshwa katika Kifungu cha 255, kama vile muhula wa rais, Sheria ya Haki, uhuru wa mahakama au muundo wa ugatuzi, ndipo sote tunaitwa kituoni. Hata hapo haitoshi upande mmoja kupata kura nyingi. Katika angalau nusu ya kaunti zote, asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa lazima wawe wamejitokeza.

Ni safari ndefu, na katiba iliifanya ndefu kusudi. Tumeona miswada mitatu ikisafiri njia hiyo na kukwama kila mmoja mahali pake. Mwaka 2016, kampeni ya Okoa Kenya ya muungano wa CORD ilikwama hapohapo mwanzoni, IEBC iliposema saini halali hazikufika milioni moja. Mwaka 2019, Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot ilivuka saini ikaangukia katika mabunge ya kaunti. BBI ilivuka yote mawili. Mapema mwaka 2021 zaidi ya mabunge 40 ya kaunti yaliipitisha, tena mengi kwa haraka ya kushangaza, ndani ya siku chache za mwezi Februari, wakati ambapo wawakilishi wadi nchini walikuwa wamekubaliwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Wabunge nao wakaipitisha. Iliyowasimamisha wote ni mahakama. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliubatilisha mchakato mzima, Mahakama ya Rufani ikawaunga mkono mwezi Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, ingawa ilitofautiana nao katika mambo kadhaa, ikasisitiza jambo lililo la msingi kwetu: rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa kupitia mlango ambao katiba iliwatengea wananchi.

Sitaki turudie ugomvi wa BBI. Waliokuwa wakiitaka walikuwa na hoja zao, na baadhi zilikuwa nzuri, hasa ile ya kaunti kupata fedha zaidi. Ninachowaomba mkitazame ni jinsi tulivyohesabiwa. IEBC ilipoiweka orodha ya waliotia saini mtandaoni mwezi Januari 2021 ili watu waikague, Wakenya wengi walilalamika kwamba wamekuta majina yao humo ilhali hawakutia saini popote. Na miongoni mwa malalamiko yaliyofikishwa mahakamani ni kwamba wananchi waliombwa saini bila kupewa nakala ya mswada katika lugha wanayoielewa.

Hili la lugha ndilo linaloniuma zaidi, na naomba mniruhusu nikae hapo kidogo. Katika vijiji vya Bobasi, Mugirango, Kitutu na Nyaribari kuna wazee wetu ambao Ekegusii ndiyo lugha wanayofikiria kwayo. Wana akili pevu. Wameamua kesi za mashamba na mahari kwa miaka mingi bila kuhitaji wakili. Ukimsomea mmoja wao kifungu cha katiba kwa lugha yake, atakuuliza maswali ambayo hata mbunge hajayafikiria. Lakini ukimpelekea kitabu cha Kiingereza cha kisheria, umemfungia nje. Hatabaki na la kufanya ila kumuuliza mwanasiasa anayemwamini: tufanye nini? Kwa njia hiyo kura ya watu milioni moja inageuka kuwa kura ya watu watano waliokaa hotelini. Kifungu cha 7 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaitaka serikali ikuze lugha za jamii zetu. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo tukidai mswada ufafanuliwe kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, tutakuwa tunadai kilicho chetu. Wenzetu wasioona wana haki ileile ya kupata maandishi ya nukta nundu.

Na inawezekana. Tumeshaona ikifanyika bila bajeti ya serikali. Mwezi Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa bungeni, vijana wa Kenya waliuchukua, wakaupasua kifungu baada ya kifungu, wakaufafanua katika lugha za nyumbani kupitia video za simu. Mama muuza mboga alijua mkate utapanda kwa nini. Gharama iliyolipwa katika maandamano ya mwezi ule ilikuwa kubwa mno, kuna wazazi waliozika watoto, na hatupaswi kulitaja jambo hilo bila kuwakumbuka. Lakini elimu ile ilisambaa kwa sababu vijana waliamua kusoma. Ninawaomba vijana wetu wa Suneka, Ogembo, Keroka, Kebirigo na Nyansiongo wasingoje hasira ndipo wasome. Msomapo mapema mnakuwa na muda wa kuuliza, wa kupinga, hata wa kubadilisha neno moja kabla halijawa sheria.

Kenya ya leo imepiga kura mbili za maoni juu ya katiba nzima, na wengi wetu tulio na umri wa kutosha tulishiriki zote mbili. Ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Novemba 2005. Alama zilikuwa ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa La. Kwetu Gusii, ambako ndizi ni chakula cha nyumbani na pia karo ya shule, tunda lile liliingia kila boma. Mabishano yakawa juu ya tunda. Wewe ni ndizi au ni chungwa? Ndugu wa tumbo moja waliulizana hivyo. Rasimu iliyokuwa ikipigiwa kura, iliyotokana na kazi ndefu ya tume ya Profesa Yash Pal Ghai na wajumbe wa kongamano la Bomas kisha ikafanyiwa mabadiliko makubwa chini ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako, ilizungumziwa kidogo sana ukilinganisha na matunda yenyewe. La ilishinda kwa takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alilivunja baraza lake la mawaziri. Chungwa likawa chama, kambi zile zikaingia nazo katika uchaguzi wa 2007, na watu wa Borabu wanaopakana na Sotik wanajua vilivyokuwa vijiji vyao mwanzoni mwa 2008. Ghasia zile za baada ya uchaguzi zilikuwa na mizizi mingi, na kura ya 2005 siyo iliyozizaa peke yake. Lakini tulijizoeza mapema kuuliza mtu ni wa kambi gani kabla ya kumuuliza anafikiri nini.

Ya pili, ya tarehe 4 Agosti 2010, ilikuwa tofauti kwa namna ninayotamani tuikumbuke vizuri. Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga ilikuwa imeandaa rasimu, nakala zikachapwa kwa wingi zikasambazwa, na watu wengi kwa mara ya kwanza maishani mwao wakashika katiba mkononi. Rangi zilikuwepo pia, kijani na nyekundu, lakini chini ya rangi palikuwa na kitabu. Mwezi Mei mwaka ule iligunduliwa kwamba katika nakala zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali yalikuwa yamechomekwa maneno kuhusu usalama wa taifa ndani ya kifungu kinachohusu kupunguza haki za raia. Maneno yale yangeweza kuinyima nguvu Sheria ya Haki. Yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na watu wanaosoma.

Kwetu palikuwa na jaribu jingine. Makanisa mengi yalipinga rasimu kwa sababu ya kifungu cha 26 kinachohusu uhai na uavyaji mimba, na kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Gusii ni nchi ya kanisa. Muumini wa Kisabato au Mkatoliki wa Nyamira alilazimika kupima anachokisikia mimbarini na anachokisoma mwenyewe. Wengine walibaki na La kwa dhamiri safi, na ninawaheshimu. Wengine walisoma, wakaona mengine yaliyokuwemo, kaunti, haki za mwanamke kurithi, uhuru wa mahakama, wakaamua Ndiyo. Mkoa wa Nyanza, ambao sisi tulikuwa ndani yake wakati huo, ulisema Ndiyo kwa sauti kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Kitaifa Ndiyo ilipata zaidi kidogo ya theluthi mbili ya kura, na takriban asilimia 72 ya waliosajiliwa walijitokeza. Katiba ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti.

Matunda ya kura ile tunayagusa kila siku na pengine tumesahau yalitoka wapi. Kabla ya 2010 mkubwa wa serikali katika eneo letu alikuwa Mkuu wa Mkoa aliyekaa Kisumu na kuteuliwa Nairobi. Leo Kisii ina gavana wake na wadi 45, Nyamira ina gavana wake na wadi 20. Katiba inasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima yaende kwa kaunti. Hospitali ya rufaa ya Kisii, chekechea za vijijini, masoko, barabara za ndani, haya yote sasa yanaamuliwa hapa. Unaweza kulalamikia jinsi yanavyoendeshwa, na mimi nalalamika pamoja nawe, lakini unamjua unayemlalamikia na unajua ofisi yake iko wapi. Ni Wakenya waliokaa foleni siku moja ya Agosti walioamua hivyo.

Siku nne tu kabla yetu, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari nao walikuwa wamepiga kura ya maoni. Swali lao lilikuwa moja, la kueleweka na kila mtu: je, mnakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa? Kiasi cha asilimia 66 walikubali. Nawataja kwa sababu ya swali lile moja. Nasi tukiulizwa tena, tudai tuulizwe jambo ambalo mtu anaweza kulijibu. BBI ilikusanya pamoja waziri mkuu, maeneobunge mapya 70, fedha za kaunti na mengine mengi, halafu tukatakiwa tuyakubali yote au tuyakatae yote. Mtu aliyetaka fedha za kaunti lakini hakutaka vyeo vipya angepigaje kura? Mahakama ya Juu ilisema suala la swali moja au mengi halikuwa limefikia wakati wa kuamuliwa. Kwa hiyo bado liko wazi, na sisi tunaweza kulisemea kabla wengine hawajatuamulia.

Kama kuna nchi iliyozoea maswali ya namna hii, ni Uswisi. Ni nchi ndogo ya milimani, yenye watu kiasi cha milioni 9, na raia wake huitwa kupiga kura hadi mara nne kwa mwaka juu ya mambo ya nyumbani: malipo ya uzeeni, likizo, barabara, kodi. Saini 100,000 zilizokusanywa ndani ya miezi 18 zinatosha kulifikisha pendekezo la kubadilisha katiba kwa wananchi. Saini 50,000 ndani ya siku 100 zinatosha kuirudisha kwa wananchi sheria iliyopitishwa na bunge. Mwaka 2012 waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki sita kwa mwaka, wakakataa. Mwezi Machi 2024 wakakubali wazee walipwe pensheni ya mwezi wa 13. Sisemi tuige kila wanachofanya. Wao wana historia yao nasi tuna yetu. Lakini kuna desturi yao moja ninayoitamani sana. Kabla ya kila kura, mpiga kura hupelekewa nyumbani kijitabu chenye maandishi kamili ya pendekezo pamoja na hoja za wanaolitaka na za wanaolipinga. Anakaa nacho wiki kadhaa. Anajadiliana na mkewe, na jirani, na watoto. Kwa nini familia ya Manga au Tabaka isipate kijitabu kama hicho kwa Kiswahili?

Kuna la kujihadhari nalo pia kutoka Uswisi. Mwaka 1959 wanaume wa nchi ile waliulizwa kama wanawake wapewe haki ya kupiga kura katika mambo ya taifa, wakakataa. Wanawake walingoja hadi 1971. Wengi wanaweza kupiga kura kwa utaratibu mzuri kabisa wakamdhulumu aliye nje ya foleni. Ndiyo sababu katiba yetu imeiwekea Sheria ya Haki uzio, na ndiyo sababu tunapokaa kujadili hatuwezi kuruhusu wanaume peke yao wakae mbele na kina mama wapike chai. Hakuna jambo la katiba lisilomgusa mwanamke wa Gusii anayelima shamba ambalo jina lake halimo kwenye hati.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini lingeweza kubadilisha siasa zetu za nyumbani, na ambalo watu wengi niliozungumza nao hawajawahi kulisikia. Kura ya maoni haiwahusu tu rais na katiba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu serikali ya kaunti kuendesha kura ya maoni ya wenyeji kuhusu mambo ya hapahapa: sheria za kaunti, maombi ya wananchi, maamuzi ya mipango na uwekezaji. Sharti ni kwamba ombi liwe limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa mahali ambapo kura hiyo itafanyika.

Tafakari maana yake. Jaa la taka liwekwe wapi? Soko lihamishwe au lijengwe palepale? Ardhi ya umma ijengwe hoteli au ibaki uwanja wa watoto? Ni mambo ambayo huamuliwa ofisini, kisha sisi hupelekewa tingatinga asubuhi. Asilimia 25 ni mlima, sikatai. Katika uchaguzi wa 2022 Kisii ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 630,000 na Nyamira zaidi ya 320,000, kwa hiyo jambo la kaunti nzima lingehitaji saini kama 160,000 Kisii na 80,000 Nyamira. Lakini hata kabla ya kufika kileleni, watu elfu kadhaa waliosoma mpango na kutia saini kwa kuelewa wana uzito ambao hakuna gavana atakayeudharau. Na sheria hiyohiyo inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti, nayo inailazimu serikali kulijibu.

Watu wa Keroka wananielewa ninaposema hivi. Mji wao umekaa mpakani, na kwa miaka mingi Kisii na Nyamira zimevutana nani akusanye ushuru wapi, huku mfanyabiashara akilalamika kwamba anatozwa na pande zote mbili. Kura ya wenyeji haiwezi kuusogeza mpaka wa kaunti. Kifungu cha 188 kinataka tume huru ipendekeze na theluthi mbili za Bunge la Taifa na za kaunti katika Seneti zikubali. Lakini hakuna sheria inayowazuia wauzaji wa Keroka, wa upande huu na ule, kuandika ombi moja lenye maneno yaleyale na kulipeleka kwa mabunge yote mawili ya kaunti, wakidai makubaliano ya ushuru mmoja na risiti moja. Tumezoea kuona Kisii na Nyamira zikipelekeana lawama. Ningependa kuona zikipelekewa barua moja.

Kwa hiyo naomba kila mmoja afanye lililo ndani ya uwezo wake. Kina mama mlio na vyama vya kila wiki, tengeni nusu saa baada ya kuhesabu michango, kifungu kimoja kisomwe na mmoja wenu au na binti aliye sekondari, kisha kijadiliwe kwa Ekegusii bila haraka. Walimu, mmestaafu au mko kazini, ninyi ndio wakalimani wetu wa asili; kijiji kitawasikiliza. Wachungaji na mapadre, semeni dhamiri yenu, lakini wapeni waumini maandishi kabla ya kuwapa msimamo. Watangazaji wa Egesa na vituo vingine vya Ekegusii, mna sikio la nyumba nyingi kuliko mwanasiasa yeyote. Kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma vifungu na kupokea simu za wasikilizaji kingefanya zaidi ya mikutano mingi ya hadhara. Wakulima wa chai mnaochagua wakurugenzi wa viwanda vyenu mnajua tayari mgombea anaulizwaje maswali magumu kuhusu bonasi. Ulizeni vivyo hivyo kuhusu katiba. Na ndugu zetu walio Minnesota na kwingineko, ambao huduma ya simu huleta sauti zao nyumbani kila jioni, msitume tu msimamo. Tumeni nakala, na mtuulize tumeelewaje.

Anayekuja na fomu ya saini, mkaribisheni kwa heshima, maana huenda ana hoja nzuri. Mwambieni aache nakala ya mswada na arudi baada ya wiki. Muulizeni ni kifungu gani kinaondolewa, kinawekwa kipi mahali pake, nani anapata mamlaka ambayo leo hana, na fedha zitatoka mfuko gani. Kama hawezi kuyajibu hayo kwa lugha yenu, saini yenu ibaki mfukoni. Kama ameyajibu na mmeridhika, tieni saini kwa moyo wote na mwalike na jirani.

Ili saini hiyo ihesabiwe, ni lazima uwe mpiga kura aliyesajiliwa. IEBC ilirejelea usajili wa kuendelea tarehe 29 Septemba 2025, baada ya makamishna wapya wakiongozwa na Erastus Ethekon kushika kazi mwezi Julai mwaka huo. Ofisi za tume ziko katika maeneobunge yetu yote, tisa ya Kisii na manne ya Nyamira. Kijana aliyetimiza miaka 18 aende na kitambulisho chake cha kitaifa, na aliyehama aende kuhamisha kituo chake.

Na katika kikao chenu kijacho, kiwe cha chama, cha kanisa au cha boda boda, someni Sura ya Kumi na Sita ya katiba. Ina vifungu vitatu tu, 255 hadi 257. Mkimaliza, mwiteni mwakilishi wadi wenu mumuulize mswada wa kubadilisha katiba ukifika mezani kwake atakuja lini kuwauliza ninyi kabla ya kuinua mkono, na aandike jibu lake kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikao.